Watu wanapakua gemu yako halafu wanaifuta? Tatizo mara nyingi sio grafiksi

Wateja wengi wanaokuja ofisini kwetu hapa Dodoma wanaanza na "nataka gemu kali", ukiuliza kali kivipi unaonyeshwa magemu ya nje yaliyotengenezwa na mamia ya watu. Sawa, kuchora tutachora, ila kiukweli mchezaji haondoki kwa sababu ya picha tu. Flappy Bird ya Dong Nguyen wa Vietnam ilikuwa kidege na mabomba basi, na Januari 2014 ikashika namba moja kwenye App Store ya Marekani, mwezi uliofuata mwenyewe akaiondoa.

Juzijuzi kuna mteja kaleta gemu ya mavuno ya zabibu aliyotengenezewa sehemu nyingine, analalamika watu wanaipakua jioni, kesho yake hawapo. Tukaongeza kipande cha programu kinachorekodi mtu kaanza steji gani, kafia wapi, kafunga saa ngapi (majina na namba za simu hatuchukui, sheria ya taarifa binafsi ipo tangu 2022). Steji mbili za mwanzo wanapita freshi, ya tatu yule kijana mwenye kikapu anatakiwa aruke mtaro, wanadondokea humohumo, gemu inawarudisha mwanzo kabisa na tangazo juu! Hapo hata mimi nafuta.

Sasa data inakuonyesha wapi, kwa nini haikwambii, ndo tunaingia kwenye saikolojia: kitu kikiwa rahisi mno mtu anaboreka, kikimzidi uwezo anakasirika, raha ipo katikati, mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alishalieleza hilo kabla hata ya simu za tachi. Tukapunguza upana wa mtaro, ukifa unaanzia hapohapo, halafu nusu ya wachezaji tukawapa toleo jipya nusu wakabaki na la zamani ili tulinganishe nani anarudi kesho yake. Wa toleo jipya wakawa wanarudi zaidi.

Kitu hatufanyi ni maboksi ya bahati nasibu ya kulipia (unalipa ndani ya gemu bila kujua utapata nini), hasa gemu za watoto. Yanashika watu kweli, ila Ubelgiji tangu 2018 wanayahesabu kama kamari na sisi tunakubaliana nao.

Ukija, njoo na projekti yenyewe ya Unity au Godot (programu za kutengenezea gemu), sio APK tu (lile faili la kuweka gemu kwenye simu ya Android), maana kwenye APK peke yake kuongeza hivyo vya kurekodi ni shughuli pevu. Kama fundi wako hakukupa, mdai kwanza.