Kwa mzee wa Gerezani aliyeniokoa na gurudumu la babu

Shikamoo mzee wangu. Jina lako sikuuliza, na hilo linanisuta mpaka leo.

Mimi ni yule kijana aliyekuwa anazunguka Gerezani, Dar es Salaam, na gurudumu la pikipiki ya zamani ya marehemu babu, BSA ya Kiingereza, nusu ya spoku zimekatika. Kila duka niliambiwa chukua rimu ya bodaboda, itaingia tu. Wewe ukanishika mkono: "Hesabu matundu kwanza." Habu, yaani kitovu cha gurudumu spoku zinapoanzia, ina matundu 40, rimu za bodaboda 36. Ningetupa hela hivi hivi!

Kisha ukachomoa spoku mbili, ukazilaza juu ya ubao, ukanionyesha kuwa ya ndani na ya nje hazipindwi sawa shingoni. Ukizichanganya hazikai vizuri kwenye habu, hazichelewi kukatika. Ukanipeleka kwa fundi anayekata spoku ndefu na kuzichonga hesi upya. Rimu yenyewe tuliikuta juu ya bati la kibanda, ina kutu, lakini matundu yote 40 yametimia.

Pesa ulikataa, ukapokea kahawa na kashata tu. Gurudumu sasa linazunguka bila kuyumba. Jumamosi nitapita nalo hapo, safari hii likiwa chini ya pikipiki.