Uani tuachie bustani

Salaam aleikum mamangu,

Voisi yako nimeiskiza, mamako yuko kando yangu achambua mchicha, na nimeona nikuandikie badala ya kukupigia manake kwa simu wewe huniingilia maneno kabla sijafika ninapokwenda. Hivyo vyumba vya kupangisha unavotaka tujenge kule nyuma uani, wewe na fundi wako ambao naona mshapanga mpaka rangi ya milango, mimi nasema la. Si la ya hasira. Mimina chai usome polepole, ni refu.

Kwanza ujue kule nyuma si vile ulivopaacha. Wewe wakumbuka mawe meupe yachoma miguu, kamba za nguo, ile friji mbovu na kuku wa jirani. Saa hii kuna matuta ya mabenda na biringani, kuna kunde, kotmiri ya kina mama, pilipili mbuzi, mrehani, mchaichai kando ya ukuta, na magunia ya sukuma yamepangwa mpaka karibu na choo. Friji yenyewe tumeilaza chali tukaitia mchanga na sasa ndo kitalu cha miche. Kuku bado waja, hao hawajabadilika.

Hili kundi la bustani lilianza kwa magunia tu. Kina mama wa mtaa walikua wakikutana jioni kwa chama chao, mmoja akaleta wazo la kupanda sukuma kwa gunia, basi wakatafuta udongo, katikati wakaweka kopo lililokatwa matako wakalijaza vijiwe halafu wakalivuta juu kidogo kidogo huku wakitia udongo kandokando, ili ukimwaga maji yashuke mpaka chini yasisimame juu, na ubavuni mwa gunia wakatoboa matundu ya kutia miche. Shida ikawa mahali pa kuyaweka na maji ya kumwagia. Sisi tuna kisima, tuna ua mkubwa, na mimi nishastaafu bandarini nashinda kutizama taarifa ya habari ile ile asubuhi mpaka usiku. Mamako akawaambia njooni. Mimi sikuulizwa, lakini ata ningeulizwa ningekubali.

Wengi ni wanawake, kuna mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi anaependa kusahihisha watu, kuna kijana wa tuktuk anaetubebea mizigo, na kuna mimi, mzee wa wilibaro. Kijana huyo alfajiri apita Kongowea kuchukua maganda na majani yanayotupwa, wenye mbuzi hapa Mtopanga watupa samadi bure, na makumbi ya nazi ndo usiseme. Twapanga tabaka, kikavu, kibichi, samadi, maji kidogo, kisha twachomeka fimbo katikati ya lundo. Baada ya siku kadhaa ukichomoa fimbo ikiwa yaunguza mkono jua lundo lafanya kazi, ikiwa baridi ligeuze na ulitie kibichi zaidi. Na makumbi twayalaza juu ya matuta, jua la kaskazi lisifike kwa udongo. Hapa kwetu chini ni mwamba wa matumbawe na juu ni mchanga, maji waingiza hapa yatokea kule, usipotia mbolea ya kuoza ni kazi bure.

Maji nayo ni ya chumvi, wayajua, wewe ulikua ukikataa kuosha nywele nayo. Lakini mimea haikatai sawasawa. Spinachi yastahamili vizuri tu. Maharagwe hayataki ata kunusa, yakunja majani yafa. Kwa hivyo masika twakinga maji ya mvua kwenye mabati, ile tangi uliyotununulia wewe, Mungu akuzidishie, na hayo twayaweka kwa kitalu na kwa tungule, mboga nyingine zanywa ya kisima. Siku mfereji ukitoka ni sherehe mtaa mzima, lakini hio si ya kupangia bajeti.

Sasa nije kwa safari manake najua mamako hukutumia picha na wewe wafikiri sisi twazurura.

Haller Park wewe ulipelekwa na skuli mkatizama twiga mkanunua krips mkarudi. Sisi tulikwenda kutizama chini. Pale kiwanda cha simiti kilianza kazi 1954, kikachimba matumbawe mpaka likabaki shimo la mwamba mtupu, jeupe, hakuna udongo ata wa kujaza kikombe, na maji ya chini yana chumvi kama haya yetu. 1971 ndo René Haller, Mswisi, akaanza kujaribu miti, aina 26, na iliyokubali ni mitatu tu: mvinje, mnazi, na mti mmoja wa pande za Somalia uitwao damas. Mvinje wavumilia chumvi na mizizi yake ina vijidudu vinavoshika naitrojeni ya hewani, yaani mti wajitilia mbolea wenyewe. Lakini sasa yale majani yake membamba yakianguka hayaozi, yarundikana tu, na bila kuoza hakuna udongo. Kilichowatoa hapo ni majongoo! Hawa hawa wenye miguu myekundu unaowakimbia bafuni. Walileta majongoo wakaanza kula yale majani, na kinachotoka nyuma yao ndicho kikawa udongo, na juu ya huo udongo ndo ikaja miti mingine, ndege, na msitu wote ule unaouona ukipita na matatu barabara ya Malindi.

Mwanangu, nlisimama pale nikaskia uchungu wa raha, kama kuna kitu hicho. Nimeishi hapa Kisauni umri wangu wote, nimepita pale maelfu ya mara, nikidhani ule msitu umekuwepo tangu enzi na enzi. Kumbe ni mdogo kunishinda. Na wale kina mama waliokua wakipiga jongoo kwa kandambili, tangu siku hio uani kwetu jongoo haguswi, ukimuua utaitwa kikaoni.

Watoto tuliokwenda nao walitaka habari moja tu, ya Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Disemba 2004, akaletwa pale akamng'ang'ania Mzee, lile kobe kubwa, akamfanya ndo mamake. Mwalimu akasahihisha kwamba Mzee ni dume. Hakuna aliyejali.

Mtwapa pia tulikwenda, kwa watu wa utafiti wa kilimo, hio ilikua ya haraka, tukaelezwa mambo ya minazi na mikorosho na tukarudi na miche ya maembe ngowe ya kuunganisha. Mmoja upo pale palipokua na friji. Wa kuunganisha hauchukui umri kama wa kokwa, inshaallah wanao wataula.

Na Gazi, kule Kwale! Tulivuka feri alfajiri na sufuria ya pilau kichwani kwa mtu, askari wa feri akauliza kama kuna harusi. Kule kina mama wa kijiji wana ile njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, wao ndo wakutembeza na wao ndo wakupikia, na wajua kila mti kwa jina lake, mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, muia, mlilana. Mimi mzee wa bandari nlikua najua boriti tu, zile za dari ya nyumba ya bibi yako Mji wa Kale. Kisha wakatueleza Mikoko Pamoja, mradi wa kijiji, tangu 2013 wauza kaboni. Nami nikauliza yauzwaje hewa? Ni hivi, mikoko yafyonza ile hewa chafu na kuizika chini ya matope, huko chini hukaa miaka na miaka ikiwa hakuna mtu aliyekata mti, basi watu wa nje walipa ili isikatwe. Wachunga hekta 117, na pesa imeingia kwa maji na skuli ya kijiji. Mamako hakushughulika na kaboni, yeye alimkalisha mama mmoja chini akamuuliza daftari ashika nani na asomewa nani. Tuliporudi tu kundi letu likaanza daftari jipya, kila kikao lasomwa kwa sauti, kilichouzwa, kilicholiwa, alochukua kotmiri kwa mkopo. Kuna watu waliona haya wiki ya kwanza. Sasa kila mtu yualipa.

Sitakudanganya ati twatajirika. Ramadhani kotmiri na pilipili huenda sana, siku nyingine ni mboga ya nyumbani na kidogo cha kuuza pale kona. Lakini kuna nyumba hapa mtaani, sitataja, ambazo mboga ya usiku yatoka uani kwetu. Na kuna yule bibi wa Kigiriama wa nyumba ya tatu, wewe ulikua ukimuogopa, yeye ndo profesa wetu. Kijana wa tuktuk aling'oa magugu asubuhi moja akafurahi kwelikweli, bibi alipofika akashika kichwa, manake mlikua na mtsunga na tsalakushe na mnavu, mboga zinazojiotea zenyewe na hazitaki ata hayo maji ya mvua. Akayaokota yote akayapika na tui zito, mtsunga ule uchungu wake wamezwa na tui, tukala na sima tukanyamaza. Sasa ana tuta lake, na kijana hakaribii mpaka aulize.

Bas, nirudi kwa vyumba. Wewe wasema vyumba vinne, choo cha pamoja na shimo lake kule pembeni. Hebu piga hesabu ya mita. Watu wa afya wataka choo cha shimo kiwe mita 30 kutoka kwa kisima, na ua wetu wote ukiupima kwa mshazari haufiki hapo. Na huu ni mwamba wa matumbawe, una matundu kama sponji, uchafu haukai mahali ukachujwa, watembea. Ukichimba shimo pale unaposema, kisima tumekizika, na si sisi peke yetu tunaochota, jirani wote siku mfereji umekauka wako hapa na mitungi yao. Fundi wako hakukwambia hilo kwa sababu fundi alipwa kuchimba. Na kodi yenyewe wala usiione kubwa, hapo nyuma yetu kuna mtu ana vyumba sita, wapangaji wa viwili walihama usiku na balbu wakachukua.

Najua nia yako ni njema. Wataka mimi na mamako tuwe na kitu chaingia kila mwezi bila kukungoja wewe, na umeifikiria vizuri kuliko nduguzo wote. Ndo maana nakupa nami langu. Kama pesa iko na wataka kujenga, jenga mbele, ile stoo ya upande wa barabara, ivunjwe iwe duka na juu yake chumba kimoja cha kujitosheleza kiungwe na septiki iliyopo, hapo ni mbali na kisima na mtu wa duka ni rahisi kumpata. Muulize fundi bei ya hio, aniletee kwa karatasi, si kwa mdomo. Na akija kupima asikanyage matuta, mwambie kabisa.

Mambo mengine mawili. Likizo ya Agosti kundi laenda mbuga ya Shimba Hills, watoto wataka ndovu na mimi nataka kumuona palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe za kupinda, wasema Kenya nzima yuko pale tu, na huu umri wangu sijamuona. Malipo ya kiingilio ni ya eCitizen, ule mtandao wa serikali, mlangoni hawataki keshi, na hapa kwetu anaejua mambo hayo ni kijana wa tuktuk na yeye simu yake kioo kimepasuka, kwa hivyo ntakutumia majina na pesa kwa M-Pesa wewe utulipie huko. Maji tutabeba kwa mitungi ya bati, zile chupa za plastiki za kutumia mara moja hazikubaliwi mbugani tangu 2020, na mwalimu ashatangaza atakagua mifuko. Ukipata likizo njoo, siti yako ntaizuilia.

Kabla ya hapo kuna vijana wa Mikindani wametualika kupanda mikoko Tudor Creek, na kule ni matope mpaka magotini. Mamako ataka gambuti. Si zile ulizoleta za maua, hizo amempa binti wa jirani, ataka nyeusi za kazi, namba 5, na mimi 9. Za huko Nairobi ni rahisi, uzitie kwa basi la usiku, ntakwenda kuzichukua Mwembe Tayari.

Wasalaam,
Babako