Aliyepima ndiye asaini

Bwana Mhariri,

Riwaya nyingi za mama mwanasayansi anayedharauliwa kazini hukimbilia matusi ya shefu, yaani bosi, na kuiacha kazi yenyewe. Inatuuma sisi wapimaji wa madini, kwa sababu dharau hukaa humo humo kazini.

Chukua upimaji wa shaba hapa Lubumbashi. Sampuli huyeyushwa kwa asidi, hutiwa iodidi ya potasiamu, kisha iodini inayotoka, ambayo huonyesha kiasi cha shaba, hupimwa kwa thiosulfati, kemikali inayoimaliza rangi yake. Wanga, unaoigeuza iodini kuwa buluu, hutiwa mwishoni, rangi ikishafifia kuwa njano. Ukiutia mapema hung'ang'ania iodini na kipimo hupotoka. Chuma kilichomo kwenye sampuli kisipofungwa kwa floridi, nacho hutoa iodini, na shaba huonekana nyingi kuliko ilivyo. Mama anayeyajua haya akitumwa kuosha chupa na kupika chai, huku karatasi ikisainiwa na asiyegusa bureti, mrija wa kupimia, kosa litatafutwa kwa nani?

Si jambo jipya. Berlin, mwaka 1907, mwanafizikia Lise Meitner alipewa karakana ya seremala chini ya jengo, maabara za juu marufuku kwake. Nobel ya kemia ya 1944 alipewa Otto Hahn, mwenzake katika utafiti wa kupasuka kwa kiini cha atomu, peke yake.

Wakuu wa maabara, tunawaomba: kila karatasi ya matokeo ibebe jina la aliyepima na saa aliyopima.

Wapimaji wa madini,
Lubumbashi