Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa yetu, Zanzibar: Zoeni tope la mitaroni kabla ya masika

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Assalaam alaykum.

Baada ya salamu, nakuandikia hadharani kwa sababu barua za ofisini zimefika mwisho wake. Zimejibiwa, na nashukuru. Zimejibiwa kwa karatasi safi na muhuri uliokaa sawasawa: "suala lako linafanyiwa kazi." Mvua ya Jumamosi iliyopita haikuisoma barua hiyo. Ilinyesha chini ya saa moja tu, ikairudisha mtaroni sehemu kubwa ya tope ambalo vibarua wa Baraza la Manispaa walilitoa wakalipanga ukingoni, na maji yakaingia ndani kwa watu wale wale waliopigwa picha na ujumbe wako siku ya usafi.

Sisi madiwani tulioingia baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 tumekaa semina, tukafunguliwa Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014, tukaambiwa kuwa usafi, masoko na mitaro ya mitaani ni kazi ya Baraza. Hewala. Lakini diwani hatii saini hundi, haamrishi dereva, wala hajui dizeli ya wiki hii imekwenda gari gani. Sheha, kiongozi wa shehia, ameteuliwa na Mkuu wa Mkoa, Mwakilishi ana mfuko wa jimbo, na wewe Mheshimiwa una vocha za malipo. Diwani ana mlango wa nyumba, na huo ndio unaogongwa saa tisa za usiku maji yanapopanda.

Nianze na tope, na pengine nitaishia hapo hapo.

Mtaro wenye upana wa mita 1, ukiwa na tope la kina cha sentimita 40, hutoa mita za ujazo 40 kwa kila mita 100. Tope la maji lina uzito wa kiasi cha tani 1.6 kwa mita ya ujazo. Hizo ni tani 64, yaani safari 10 za tipa ya tani 7, kwa mita 100 peke yake. Siku ya usafi yalikuja mabeleshi, glovu, fulana na mpiga picha. Tipa haikuja. Sasa lile tope lilitarajiwa liende wapi? Likikaa ukingoni hukauka juu, chini likabaki laini, na mvua ya kwanza yenye nguvu hulisukuma lilikotoka. Vibarua wamelipwa, vocha imefungwa, mtaro umejaa. Mwezi ujao watalipwa tena kulitoa tope lile lile.

Namna ya kuifanya kazi hii wanaijua mafundi wako kuliko mimi, ila naiandika ili wananchi nao wajue cha kudai. Kusafisha huanzia mwisho wa maji, kule yanakomwagikia, kisha hupandwa kwenda juu. Ukianzia juu, unalisukuma tope kwenye sehemu iliyoziba na maji yanapata pa kutuama. Mifuniko hunyanyuliwa yote, si mmoja kila baada ya kumi. Mfuniko wa zege wa mita 1 kwa sentimita 60, unene sentimita 10, una uzito wa karibu kilo 144: unataka watu wanne na mitaimbo miwili, na ukinyanyuliwa na watu wawili huvunjika. Ndiyo maana mitaro yetu ina mashimo, na ndani ya mashimo hayo mnakuta vifuu vya madafu, matairi na magodoro. Tope likishatoka lisilale ukingoni zaidi ya siku moja. Sharti hilo moja lingeandikwa kwenye mkataba, nusu ya barua hii isingekuwepo.

Kwa mitaro inayomwaga baharini kuna jambo ambalo kila mvuvi analijua, na sioni likiandikwa kwenye mpango kazi wowote. Wakati wa bamvu, yaani maji makubwa ya bahari, bahari yetu hupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, mdomo wa mtaro unakuwa chini ya bahari, na maji ya mvua hayana pa kwenda ila kurudi mitaani. Hilo hakuna wa kulizuia. Lakini bamvu hilo hilo, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa mno kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, saa za kazi kabisa, na mdomo wa mtaro hubaki mkavu. Hapo ndipo pa kupeleka watu kuchimba mchanga na kukata mizizi. Nyinyi mmewapeleka wakati wa maji mafu, bahari isiposhuka sana, wakasimama na maji mapajani, wakarudi.

Tope lenyewe linatoka wapi? Kwa ninavyoona mimi, sehemu kubwa ni mchanga wa ujenzi unaomwagwa barabarani na kuachwa wiki nzima, halafu vichochoro visivyo na lami. Maji yakienda polepole, chini ya sentimita 60 hivi kwa sekunde, huuacha mchanga wake chini, na mtaro ulioingiliwa na taka maji yake huenda polepole. Yapo pia mabomba ya vyoo yaliyochomekwa kimya kimya kwenye mitaro ya mvua kwa sababu karo, yale mashimo ya vyoo, zimejaa na gari la kunyonya ni ghali. Simtetei anayefanya hivyo. Visiwa hivi vimeonana na kipindupindu tangu 1978, na 2015 hadi 2016 kilikaa nasi muda mrefu. Kila mtu anajua kinapita wapi.

Sasa kontena za taka. Mtu mmoja mjini hutoa kama nusu kilo ya taka kwa siku. Watu 10,000 ni tani 5. Taka zisizoshindiliwa, kilo 350 kwa mita ya ujazo, hujaza mita za ujazo 14 na kidogo: kontena mbili za mita za ujazo 7, kila siku, bila kukosa. Gari likikosa siku mbili, kontena nne za taka ziko chini. Hapo ndipo zinapoingia mtaroni, na hapo ndipo watu hulitia moto kontena lenyewe ili lipungue. Moto huila rangi, kutu huila sakafu, kontena linavuja maji meusi, na mwaka wa pili mnatuambia kontena zimechakaa, lazima zinunuliwe mpya. Zimechakaa kwa dizeli isiyokuja.

Kila nikiuliza naambiwa gari ni bovu. Bovu nini? Mara nyingi ni mpira wa haidroliki, ule wa kupitisha mafuta ya kunyanyulia mzigo, uliopasuka, kitu cha kubadilishwa asubuhi moja. Lakini gari husimama wiki nzima kwa sababu lazima zitafutwe bei tatu, fomu ipite meza nne, na mtu wa meza ya tatu yuko safarini. Wekeni stoo mipira miwili ya akiba kwa kila gari, pipa moja la lita 200 la mafuta ya haidroliki na matairi mawili. Manunuzi yafanyike mara moja kwa robo mwaka, si siku ya kuharibika. Hata gari zima, ukihesabu kupakia, foleni ya barabarani, kwenda kumwaga jaa la Kibele na kurudi, halifanyi safari nyingi kwa siku. Gari bovu halifanyi hata moja, na Ramadhani ya 2026 inaingia Februari. Maganda ya ndizi, ya muhogo na makumbi ya Ramadhani hayahitaji maelezo yangu.

Naijua hoja ya mitaro mikubwa. Ndiyo, mradi wa huduma za mijini Zanzibar (ZUSP), kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umejenga mitaro ya maana mjini, na anayekumbuka Mwanakwerekwe ilivyokuwa ikifurika masika ya zamani hawezi kubeza. Lakini mtaro mkubwa hupokea kinachofika, na mtaro wetu mdogo umeziba kabla hakijafika. Ufunguzi wa mradi huja na utepe. Kuzoa tope hakuna utepe, nadhani ndiyo sababu hakuna wa kulisimamia.

Mheshimiwa, kwenye kikao cha Baraza ulisema, na kumbukumbu zimeandikwa, kuwa mitaro ya wadi zote itakuwa wazi "ndani ya wiki mbili". Sikuulizi wiki mbili za mwaka gani. Nauliza fedha za robo hii, Januari hadi Machi, zimetoka au hazijatoka, na kama zimetoka zimekwenda wadi zipi. Rasimu ya bajeti ya 2026/27 nayo inaandaliwa sasa. Kifungu cha mitaro kigawanywe: kulitoa tope peke yake, kulichukua peke yake, kila kimoja na fedha yake. Kikiletwa tena kimoja kilichofungwa pamoja, mimi mkono wangu sinyanyui. Ratiba ya gari la taka ibandikwe kwa kila sheha, siku na saa, ili likikosa tujue limekosa.

Na kama yote hayo ni mengi, kama ratiba ni nzito na stoo haina nafasi, basi acha. Lete tipa. Tipa moja, dereva, watu wanane na dizeli ya siku tano, lile tope lililobaki ukingoni lichukuliwe kabla Machi haijaingia. Masheha watatoa vijana wa kupakia. Tipa tu, Mheshimiwa, na ije kabla ya mvua, siyo baada ya mvua kuja kutupa pole.

Wako katika utumishi wa umma,
Diwani

Nakala: Mstahiki Meya, Mwenyekiti wa Kamati ya Fedha, masheha wote wa wadi, na wananchi, ambao ndio wenye tope.