Kuongezewa Damu Wakati wa Upasuaji: Tunayokagua na Unayopaswa Kutuambia

Ndugu wa mgonjwa anayesubiri upasuaji hutuuliza kwanza, "Hiyo damu imepimwa Ukimwi?" Imepimwa. Tunatumia damu ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama, na kila chupa hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Hatari haijafika sifuri: aliyeambukizwa siku chache tu zilizopita anaweza asionekane kwenye kipimo. Ndiyo maana mchangiaji huhojiwa kabla ya kutolewa damu, na tunawasihi ndugu wanaokwenda kuchangia wasifiche kitu.

Sisi wa maabara tunaogopa zaidi kukosea jina. Mgonjwa wa kundi O akitundikiwa damu ya kundi A, kinga ya mwili wake huanza kuzivunja chembe za damu hiyo papo hapo, na figo zinaweza kufeli. Kosa hilo mara nyingi halianzii kwenye mashine. Huanzia kitandani, damu inapochukuliwa halafu kichupa kikaandikwa jina baadaye, mezani. Kwa hiyo sampuli yako tunaiandika palepale, ukiona. Chupa ikifika, wahudumu wawili husoma jina, namba ya faili na kundi, wakilinganisha na mkanda wa mkononi mwako. Ukiulizwa jina mara ya tatu usituchoke, taja majina yako yote matatu. Akina Asha Juma ni wengi mno.

Kwa dakika 15 za kwanza muuguzi habanduki. Ukihisi baridi, mgongo kuuma au kifua kubana, sema hapo hapo, dripu isimamishwe. Ukiwa umelazwa kwa dawa ya usingizi, mtaalamu wa usingizi ndiye anayefuatilia presha, mapigo ya moyo na rangi ya mkojo.

Wapo pia wanaoongezewa damu ambayo wangeweza kuikwepa. Mama mwenye uvimbe kwenye kizazi ametokwa na hedhi nzito miezi kadhaa, anakuja kupima siku moja kabla ya upasuaji, kiwango cha damu ni 7, yaani kidogo mno. Hapo hatuna la kufanya ila kutafuta chupa au kuahirisha. Angekuja mwezi mmodi kabla, vidonge vya madini ya chuma vingeweza kumpandisha.

Basi njoo mapema, na utuambie kama uliwahi kuongezewa damu au kubeba mimba, hata iliyoharibika: huenda mwili umeshajenga kingamwili, yaani askari wa kushambulia damu ya mtu mwingine, na kukutafutia damu inayokubaliana nawe kukachukua muda zaidi. Na damu haiuzwi. Mtu yeyote akikudai hela ya chupa, tupe taarifa.