Kwa nini hatupimi shingo upande mmoja kwa nusu bei

Sisi hupima mishipa ya damu ya shingoni kwa Dopla, yaani ultrasound inayosoma kasi ya damu. Kila wiki kuna anayekasirika hapo mapokezi: "Ganzi iko mkono wa kulia tu, nipimeni upande mmoja nilipe nusu." Tukikataa, tunaambiwa tuna njaa ya hela.

Kwanza, mkono wa kulia ukifa ganzi, mara nyingi hitilafu iko kushoto mwa ubongo. Anayetuonyesha kulia anataka kulipia upande usiohusika.

Ubongo unalishwa na ateri nne, yaani mishipa inayoleta damu kutoka kwenye moyo. Mbili ni karotidi, zile unazozihisi zikidunda kando ya koo. Mbili nyingine, vetebra, hupita kwenye matundu ya mifupa ya shingo na kuungana kuwa mshipa mmoja uitwao basila. Chini ya ubongo zote hukutana kwenye duara linaloitwa kwa jina la Willis, tabibu wa Uingereza aliyelieleza mwaka 1664. Karotidi moja ikiziba taratibu, damu huweza kuvuka kutoka upande wa pili kupitia duara hilo. Shida ni kwamba kwa watu wengi halijakamilika: tawi la kuunganisha ni jembamba mno au halipo kabisa. Ndiyo maana wawili wenye karotidi iliyoziba sawasawa, mmoja anaendelea kuuza sato Mwaloni Kirumba, mwenzake anaamka mdomo umepinda.

Kwenye kipimo cha Dopla tunaanzia juu ya mtulinga, tunapanda hadi karotidi inapogawanyika karibu na kona ya taya, maana mafuta hupenda kuganda hapo. Kasi ya damu kwenye karotidi ya ndani ikifika sentimita 125 kwa sekunde, tunashuku mshipa umebanwa nusu au zaidi. Ikivuka 230, asilimia 70 na kuendelea. Pembe kati ya mawimbi ya mashine na mkondo wa damu ikizidi digrii 60, namba hizo zinadanganya, kwa hiyo mpimaji akirudiarudia msimharakishe.

Sasa hapa ndipo nusu bei inapotokea puani. Upande mmoja ukiziba kabisa, wa pili huongeza kasi ili kufidia. Ukipima huo wa pili peke yake unasoma namba kubwa na kuandika "umebanwa", kumbe wenye ugonjwa ni ule ambao haukuguswa. Mgonjwa anaanza upya, analipa kipimo kizima juu ya ile nusu.

Vetebra nazo tunazitazama damu inaelekea wapi. Ikishuka badala ya kupanda, mshipa mkubwa wa mkono umebanwa na mkono unaiba damu ya ubongo. Ndiyo maana tunapima presha mikono yote miwili, na hiyo hatutozi.

Majibu yakitoka safi, msiache vidonge vya presha. Vijishipa vyembamba vinavyoingia ndani kabisa ya ubongo ndivyo presha huvitafuna, na mashine yetu haivioni.

Na mtu akipooza ghafla au ulimi ukawa mzito, msimlete kwetu. Mpelekeni moja kwa moja hospitali yenye CT scan, mashine ya kupiga picha ya ubongo, kama Bugando. Dawa ya kuyeyusha donge, pale inapopatikana, mwisho wake kwa kawaida ni saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha kuonyesha hakuna damu iliyovuja. Aspirini msimpe kabla ya picha hiyo. Kama mshipa umepasuka, mnaongeza damu kuvuja. Mnaotoka Ukerewe au visiwa vingine, andikeni kwenye karatasi saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Daktari ataiuliza kabla ya jina lake.