Leo mgeni ni mimi

Railay, Krabi, Thailand
Januari 28

Shoga yangu wa dhati,

Assalaam aleikum. Mama hajambo? Watoto je, na baba yao, na boti yake? Sisi huku wazima, ila shemeji yako ameungua jua mpaka pua inambanduka. Mtu wa Msambweni, mwana wa mvuvi! Alilala chali mchangani adhuhuri kama Mjerumani, nikamwachia.

Nakuandikia nimekaa juu ya gogo ufukweni, daftari magotini. Tunangoja boti ya kuturudisha Ao Nang tulikopanga chumba, na kanuni yao ni kwamba boti haiondoki mpaka watimie watu wanane. Mpaka sasa tuko watatu, sisi wawili na mzee mmoja wa Kizungu anayesoma kitabu kilicholowa maji. Kwa hiyo nafasi ninayo. Railay hii si kisiwa, imeungana na bara, lakini majabali ya chokaa yameizunguka kama ukuta na barabara hakuna. Hufiki ila kwa maji, dakika kumi na tano hivi.

Nianzie mwanzo. Shemeji yako alitoka Doha, mimi Mombasa, tukapatana kukutana uwanja wa ndege wa Bangkok, baada ya miezi kumi na minne. Tulivyokutana sikuandikii, utanicheka mwaka mzima. Nakwambia tu kwamba nilichelewa kutoka. Viza niliiomba kwa mtandao, haikunisumbua, lakini sisi wa pasi ya Kenya hutakiwa kupitia kwanza dawati la afya, kuonyesha kile kikadi cha manjano cha chanjo. Mimi nikajipanga moja kwa moja foleni ya uhamiaji. Nusu saa nzima. Kufika mbele naambiwa rudi nyuma, mama, kapigishe muhuri kwanza. Huku nje mwenzangu ameshika shada la maua linalonyauka, anadhani nimekamatwa.

Usiku uliofuata tukapanda treni mpaka Surat Thani. Ina vitanda vya kukunjua, shuka safi na pazia, tukalala na mashanta yetu miguuni. Asubuhi basi, na mchana tuko Ao Nang.

Sasa nikwambie lililonifanya nikamate kalamu. Jioni ya kwanza tulishuka barabara ya ufukweni. Upande mmoja bahari, upande wa pili maduka yamebanana: mikahawa yenye samaki waliolazwa juu ya barafu, washona suti, wauza juisi, duka la bangi (ndiyo, shoga, lina taa ya kijani mlangoni kama duka la dawa), na wakandaji. Hao wakandaji huketi kibarazani wamevaa sare, na ukipita wanaivuta sauti, "Massaaaage!", mpaka unaona haya kuendelea kutembea. Kisha mwenye tuktuk. Kisha mwenye safari za visiwani. Kisha kijana wa suti akatufuata hatua ishirini, anamuuliza shemeji yako, rafiki, kwenu wapi, Jamaika? Akamjibu Kenya. Kijana akafungua mikono: "Aah, Kenya! Hakuna matata!"

Nilisimama pale pale nikacheka hadi machozi. Neno hilo kaka yangu amewaambia wageni pale Diani mara ngapi, mpaka limemlelea watoto watatu. Leo nauziwa mimi.

Halafu kicheko kikaniishia, maana nilijiona. Macho mbele, tabasamu la uongo, mkono umekumbatia mkoba. Vile vile walivyokuwa wakitupita wewe na mimi tulipokuwa tukiuza vikoi, nasi tukiwasengenya kwamba wana maringo. Hawakuwa na maringo, au tuseme si wote. Mtu ukiitwa mara arobaini kabla ya chakula cha jioni, salamu nayo inaanza kuwa deni. Na yule kijana wa suti sikuweza kumchukia hata kidogo, kwa sababu najua hesabu aliyokuwa akiipiga kichwani. Nilimwambia nitarudi kesho. Akacheka. Kumbe hata uongo wetu wanaujua.

(Wamekuja wasichana wawili na dafu moja wanalinywa pamoja kwa mirija miwili. Tuko watano.)

Baba watoto mwambie nimemchunguzia mambo ya boti kama alivyoniagiza. Ufukweni kuna kibanda cha tikiti, bei imeandikwa ubaoni. Ao Nang kuja Railay ni baht 100 kwa mtu, karibu shilingi 400 za kwetu, na ikishagonga saa kumi na mbili jioni, 150. Hakuna kubishana, hakuna kumvuta mgeni mkono, hakuna nahodha kumchafulia mwenzake. Unalipa, unapewa karatasi, boti ni ile iliyo kwenye zamu. Mara ya kwanza nilijaribu kumshusha bei mama wa kibandani. Alinitazama kama mtu anayejadiliana na saa ya ukutani.

Boti zenyewe zina mbao nzuri, ndefu, omo limenyanyuka juu kama shingo ya korongo. Na nyuma, shoga, injini ni ya gari. Ya gari kabisa, iko wazi, imekalishwa juu ya egemeo, na kutoka kwake umechomoza mhimili mrefu wa chuma, mrefu kuliko watu wawili, kwenye ncha ndiyo propela. Nahodha huigeuza injini nzima kwa mkono mmoja. Akifika kwenye maji haba huunyanyua mhimili, chombo kikateleza juu ya mchanga. Mlio wake lakini, Mungu atuepushe. Hamzungumzi mpaka mfike.

Kwenye omo wamefunga vitambaa vya rangi na mashada ya maua, heshima kwa Mae Ya Nang, bibi mlinzi wa chombo, na hukanyagi pale. Nikamkumbuka babu akifukiza udi na kusoma Fatiha kabla dau halijashushwa majini. Nahodha wetu wa jana alikuwa Mwislamu na vitambaa alivifunga vile vile. Nilipomuuliza alisema wageni wanapenda kuvipiga picha.

Maana Waislamu huku ni wengi, hilo silo nililolitarajia. Barabara ya kuingia mjini kuna msikiti mkubwa mweupe, na alfajiri adhana inakufikia kitandani huku baa ya ng'ambo ndiyo kwanza inafunga. Nusu ya mama ntilie wamejitanda. Kuna wali wao wa manjano na kuku, khao mok, ukiuonja unajua ni binamu wa biriani aliyelelewa mbali. Tui la nazi kila mahali. Papai bichi wanalitwanga kwenye kinu na pilipili, ndimu na mchuzi wa samaki, na ukiusikia ule mchi unadhani uko uani kwa mama. Nimejifunza kusema "mai phet", bila ukali. Hawaamini. Wanatia hivyo hivyo.

Ila kitu kilichonishika ni roti. Karibu na kona yetu kuna kijana mwenye kitoroli, kofia kichwani. Madonge yake yanang'aa mafuta. Halisukumi donge kwa mpini kama sisi. Analibamiza juu ya bati, analirusha kama mtu anayetupa kimia, linatua limetanuka, analirusha tena, mpaka unauona mkono wake ukipita chini ya unga. Kisha kwenye sinia la moto, siagi, yai, ndizi iliyokatwakatwa, anakunja pande nne kama bahasha, anageuza. Analikata vipande kwa chuma chake, tak tak tak, halafu maziwa mazito ya kopo yanashuka kwa mistari. Baht 50. Nikamwambia kwetu hii ni chapati, ila ndizi hatutii. Nikamtolea salamu, akaitikia kwa furaha, na usiku wa pili ndizi zilikuwa mbili. Tumekwenda usiku sita mfululizo. Shemeji yako anasema amekuja Thailand kula chapati.

Jambo jingine litakufurahisha. Mwenye nyumba yetu ni bibi wa makamo ya mama yako. Aliwaambia wageni wote kwamba gari la safari litakuja "saa mbili asubuhi", kwa Kiingereza chake cha vidole viwili juu. Wale Wazungu walipigwa na butwaa, wengine wakatega simu ziwaamshe usiku wa manane. Mimi nikalala zangu. Saa mbili kamili, saa yetu, gari hilo hapo. Bibi aliniuliza nilijuaje. Kumbe watu wazima huku nao huhesabu saa za asubuhi tangu jua linapotoka, "song mong chao" ndiyo saa mbili, song ni mbili. Hata matatu yao, pikapu yenye mabenchi mawili nyuma, inaitwa songthaew, safu mbili. Yaani nimevuka bahari nzima kukuta mtu anayesoma saa kama mimi, na Mzungu ndiye aliyepotea.

Safari yenyewe ilikuwa ya visiwa vya Phi Phi, na ghuba ya Maya iliyotiwa kwenye filamu ya Hollywood. Watu walikuwa wakimiminika hadi 5,000 kwa siku, matumbawe yakafa, serikali ikaifunga kuanzia Juni 2018 mpaka Januari 2022. Sasa boti haiingii mbele, inafunga nyuma ya kisiwa, mnapita kwa miguu, na kuogelea hamna, mwisho magotini. Nimeona papa wadogo wamerudi, wanapita kwenye maji ya magoti ya watu. Kiingilio kwa mgeni ni baht 400, mwenyeji analipa sehemu ndogo tu. Nikanung'unika! Mimi, niliyezaliwa hatua chache na Kisite, hifadhi yetu ya baharini, ambako mgeni anatajiwa dola na mimi natajiwa shilingi, tena nilikuwa naona ni haki kabisa.

(Tuko saba. Wamekuja mtu na mkewe, wamegombana, mmoja kakaa kule, mwingine huku. Shemeji yako anaangalia saa kila mara. Saa kumi na mbili ikigonga bei inapanda, naye baht 50 inamuuma kuliko pua.)

Pangoni pale ufuko wa Phra Nang nilikwenda mchana. Hapa tuzungumze kama wanawake watu wazima. Ni mzimu wa binti mfalme, na wavuvi humletea nadhiri wapate salama na samaki. Nadhiri zenyewe ni viungo vya kiume vya mbao. Vingi, shoga, virefu kuniliko, vingine vimepakwa rangi nyekundu na kuvishwa vitambaa. Shemeji yako aliingia, akasema astaghfirullah, akatoka. Mimi nikabaki kidogo, kwa ajili ya elimu.

Nyani nao sitawasahau. Kuna njia ya ngazi za mbao mwisho wa ufuko wa Ao Nang. Nilijiona mwenyeji wa mambo hayo, mtu wa Diani atafunzwa nini na nyani? Mmoja akashuka, akaufungua mkoba wangu kwa zipu. Kwa zipu! Akaondoka na biskuti na cheti cha kukodi pikipiki. Cheti alikitupa hatua kumi mbele, biskuti aliondoka nazo.

Njiani mule kuna kibao cha buluu, picha ya mtu anakimbia kupanda kilima na wimbi nyuma yake. Viko vingi mjini, vinaonyesha upande wa kukimbilia. Watu wanapita tu, mimi kila mara nasimama. 26 Desemba 2004, siku ya tsunami, unakumbuka? Askari walivyokuja kuwafukuza watu ufukweni, maji yakapwa saa isiyokuwa yake, na baba akatukataza hata kusogea mchangani. Kwetu alikufa mtu mmoja, upande wa Malindi. Huku wimbi lilipiga asubuhi, saa kadhaa kabla halijatufikia, na Thailand peke yake walikufa zaidi ya watu 5,000, karibu nusu yao wageni. Bibi mwenye nyumba nilimuuliza. Akaonyesha bahari kwa kidevu, akaendelea kuchambua mchicha wake. Sikumuuliza tena.

Leo lakini maji ni kama ya kisima. Huku nako ni kaskazi, ila kwao inatokea bara, bahari imelala. Kuanzia Mei upepo unageuka, kusi hilo hilo letu, mvua na mawimbi mpaka Oktoba, na boti nyingi zinapandishwa juu. Nahodha alinieleza kwa mikono na nikaelewa yote.

Kesho kutwa tunapanda treni kurudi Bangkok, yeye Doha, mimi nyumbani. Hatujalizungumza bado. Jana usiku nilimwona anapanga upya shanta lake, anatoa kila kitu, anakirudisha vile vile. Nikajifanya nimelala.

Kitambaa chako nimekununulia, cha rangi ya zambarau, si hicho cha omo, usiogope. Sikukipunguza bei hata kidogo. Yule mama alishangaa mwenyewe.

Haya, wa nane huyo anakuja anakimbia, mama na mtoto mgongoni. Nahodha anamtazama mtoto, anatutazama sisi, anahesabu tena kwa kidole kama wanaweza kuwa tisa. Shemeji yako keshaingia majini, suruali imekunjwa, ananiita kwa sauti ya juu mpaka mzee wa kitabu amegeuka. Nakunja karatasi isije ikalowa.

Nisalimie wote.

Shoga yako wa Ukunda